Tembo juu ya amerikani: hasara nilizolipa kabla yako

Mwaka 2017 nilipeleka picha nane za tembo kwenye hoteli moja ya kitalii iliyokuwa inakaribia kufunguliwa njia ya Iringa. Kila moja futi nne kwa tatu, kazi ya miezi miwili na nusu. Meneja alizipenda. Akamwita mwongoza watalii wao mkubwa, mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka kwa jua, naye aje aone. Mzee akapita picha moja baada ya nyingine, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha. Alipofika ya tano akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, huyu tembo wa India kafika Ruaha kwa meli gani?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Akanivuta karibu, akaanza kunionyesha kwa ncha ya kidole bila kuigusa rangi. Masikio madogo, yameishia shavuni. Mgongo umevimba katikati kama paa la msonge. "Wa kwetu," akasema, "mgongo wake umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na sikio linafunika bega zima." Kisha akarudi kwenye picha ya kwanza. "Na hawa wengine wote miguu ya nyuma umewapa ya ng'ombe. Tembo ana goti, bwana. Anapiga goti kama wewe unavyopiga ukifunga kamba za viatu."

Watatu kati ya wanane walikuwa wa India. Nilikuwa nimewanakili kwenye kalenda ya duka la spea za pikipiki. Meneja akachukua picha mbili kwa bei ya huruma, sita nikarudi nazo Dar. Vifaa vya kazi ile nilivinunua kwa mkopo wa vikoba, tena vikoba vya mke wangu, 600,000. Wiki hiyo nyumbani kulikuwa kimya sana.

Huwa wananifuata vijana: "Kaka, nataka nichore wanyama na historia, siyo twiga na machweo tu. Nianzie wapi?" Namjibu kila mmoja vipande vipande, nikiwa na brashi mkononi. Leo nimekaa niyaandike yote pamoja, na bei zake.

Kwetu ni Tunduru. Mjomba wangu alinileta Dar mwaka 2004, nikaketi barazani kwake Msasani kuchanganya rangi na kujaza nukta. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka Tunduru. Alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili, akafariki 1972 kabla jina lake halijaenea duniani kama jina la mtindo huu wetu wa kuchora. Aliowaachia kazi wengi walikuwa ndugu na jamaa, na mpaka leo tunafundishana hivyo hivyo: unanakili cha mkubwa wako hadi mkono uzoee. Sina ugomvi na kunakili, ndiko kulikonifundisha kushika brashi. Ila mjomba alinakili kwa mwenzake, mwenzake kwa mwingine, na katika mnyororo wote huo hakuna aliyesimama mbele ya mnyama mwenyewe. Mkienda hivyo miaka hamsini, chui anabakiwa na madoa na tabasamu, basi.

Na kinachoniuma zaidi, mimi nimezaliwa jirani na tembo. Ila kijijini kwetu tembo humwoni, unamsikia. Usiku mahindi yanavunjika, kau, kau, kau. Akina mama wanagonga madebe, mbwa wanabweka, wewe mtoto unaambiwa usitoke. Asubuhi unakuta nyayo pana kama ungo na shamba limelala chini. Kwa hiyo nilipoanza kuchora tembo, nilichokuwa nacho kichwani ni sauti. Umbo nikaliazima kwenye kalenda.

Nilianzia Mikumi kwa sababu ndiko karibu. Jambo ambalo wachoraji wengi wa Dar hawalitumii: barabara kuu ya Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na wewe umelipa nauli ya basi tu. Kaa dirishani, usisinzie baada ya Morogoro. Dereva usimwombe asimame, hairuhusiwi. Safari ya kwanza niliwaona tembo wanne kwa sekunde kama ishirini, na sekunde hizo zilinifunza kuliko kalenda nzima. Siku hizi kuna treni ya umeme hadi Morogoro, unamalizia na basi, mambo yamekuwa mepesi.

Lakini sekunde ishirini hazitoshi. Nikarudi kwa siku tatu. Kiingilio cha Mtanzania hakitishi, kinachoua ni gari, na peke yako huliwezi. Tafuta wenzio. Sisi tulikuwa sita, wengine walimu waliokuwa likizo, tukachangia gari, mafuta, chakula na vyumba vya kulala Mikumi mjini. Fungu langu lilifika 280,000.

Siku ya kwanza niliipoteza. Nilipiga picha zaidi ya mia nne kwa simu, na usiku nilipozifungua, kila tembo alikuwa punje ya kijivu katikati ya nyasi. Siku ya pili simu nikaitia mfukoni, nikaazima darubini ya mwenzangu, nikatoa daftari la shule na penseli. Jike mmoja akaja kwenye dimbwi, umbali wa kuvuka barabara. Nilimwangalia dakika arobaini. Pembe yake ya kulia ilikuwa fupi, imelika ubavuni. Ya kushoto ndefu na safi. Dereva akaniambia tembo naye ana upande anaoutumia zaidi, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Ncha ya mkonga ina vidole viwili, kimoja juu kimoja chini, na kwa vidole hivyo aliokota jani moja kavu, akaligeuza, akaliacha lidondoke. Ngozi ya goti lake ilikuwa imejikunja kama soksi iliyoporomoka.

Na rangi! Miaka kumi na tatu nilikuwa nanunua kopo la kijivu kwa ajili ya tembo. Yule alikuwa na miguu myeusi ya tope bichi, tumbo la kahawia, na mgongoni vumbi lililokauka likawa karibu jeupe. Tembo huvaa udongo wa mahali alipo. Ukitaka kujua ni wa wapi, mwangalie mgongo. Lile kopo la kijivu ninalo mpaka leo, limeganda.

Ningekuwa na akili ningetangulia Kondoa. Nilikwenda mwaka uliofuata, hadi Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Unalipa ofisini, unapewa mwongozaji, mnapanda. Mwamba wa Mongomi una mlima wa kukutoa jasho, na watu bado hupanda kutambika, kwa hiyo ukikuta vitu vimewekwa pale usiguse. Kuna wanyama waliochorwa kwa udongo mwekundu, tembo wakiwemo, kwa mistari ambayo ungeweza kuihesabu kwa vidole. Hakuna nukta, hakuna maua ya kujaza nafasi, na bado unajua huyu anatembea na huyu amesimama. Nilikaa pale nikiona aibu kidogo. Mwongozaji akaniambia wageni wa zamani walikuwa wakiimwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwenye kamera, na kila walipofanya hivyo walikuwa wanaifuta. Ukienda, chora kwa macho na penseli.

Historia yenyewe iliniingia kwa mlango wa duka. Nilikuwa Mtaa wa Uhuru nanunua kitambaa cha kuchorea, ile amerikani nzito isiyopaushwa. Mzee mwenye duka akawa anapima, akaniuliza, "Unachora nini humu?" Nikamwambia, tembo, mzee. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Basi mnakutana tena. Kitambaa hiki ndicho kilichomnunua."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nikaenda kusoma, na kwa hili sikuona mkato: maktaba, daftari, wiki tatu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja majora ya pamba ya viwandani kwao. Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kufikia 1837 konseli wao alikuwa amekaa Unguja. Watu wakaiita nguo kwa jina la ilikotoka. Ikawa fedha ya njia ya bara: mwenye msafara alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi za watu, kwa amerikani, akanunua chakula kwa amerikani, akanunua pembe kwa amerikani. Pembe nyingi zikaishia Connecticut, kwenye vimiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vinanda, na nyingine zikawa vitana na mipira ya biliadi. Na pamba ya nguo ile, kabla ya vita vyao vya 1861 hadi 1865, ilichumwa na watumwa wa kusini mwa nchi yao.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimechora tembo kumi na tatu, kumi na nne kila mwezi juu ya kitambaa kile kwa miaka, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukifunika kitambaa kisionekane. Nikaamua kuchora picha 14 za tembo na pembe, na katika kila moja niiache sehemu ya amerikani wazi, bila hata tone la rangi.

Ya msafara ndiyo iliyonitoa kamasi. Niliichora haraka kwa vile nilivyodhani kila mtu anaijua: mistari ya watu kwenye minyororo, pembe mabegani, mjeledi juu. Nikaenda nayo Bagamoyo kumwonyesha mzee mmoja aliyewahi kufundisha historia. Akaivaa miwani. "Kirangozi wako yuko wapi?" Sikumjua kirangozi. Akanieleza: kiongozi wa njia, anayetangulia na bendera, manyoya kichwani, ngoma nyuma yake. Akanieleza kwamba wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira, mabingwa wa kazi yao, waliojua kugoma posho ikipungua na kubwaga mzigo mkuu wa msafara akileta ujeuri. Kijana aliyefika pwani akarudi, alirudi na jina. "Watumwa walikuwepo, na wengine walibebeshwa pembe. Usiwafute. Lakini ukimfunga mnyororo kila mtu, umewafuta hao wengine."

Nikaipaka picha nzima upya. Ili nijue mzigo unavyokaa, nilinunua bomba la plastiki la inchi nne, nikaziba mwisho mmoja, nikalijaza mchanga hadi likafika frasila moja na ushee. Frasila ni kama kilo 16, na ndiyo iliyokuwa mizani ya pembe. Nikalibeba begani, nikatembea kutoka barazani hadi kwa muuza mkaa na kurudi, mara sita. Jirani akamuuliza mke wangu kama niko sawa. Kumbe bega halishuki kama nilivyokuwa nachora. Linapanda, shingo inakimbilia upande wa pili, na mkono usio na kazi unatafuta kiuno. Hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilitokana na namba mbili. Makadirio ya tembo wa Tanzania yalikuwa 109,000 hivi mwaka 2009. Kufikia 2014 walihesabiwa 43,000 hivi. Miaka mitano, ujangili. Nikasema tembo mmoja awe elfu moja. Nikachora tembo 109, wadogo wa kiganja, kila mmoja na mgongo wake na pembe zake, kazi ya siku 19. Kisha nikachukua rangi nyeupe iliyozimuliwa nikawafunika 66, nyembamba kiasi cha kubakiza kivuli. Mjomba alikuwepo siku ile. Akaangalia kama tembo kumi hivi wanavyopotea, akasema, "Umechoka na kazi sasa," akaondoka.

Maonyesho yalikuwa Arusha, na hapa ndipo ujinga wangu ulipochanua. Lile bomba la mchanga nilikuwa nalo bado. Nikalikata, nikalisafisha, nikaona ndilo la kusafirishia. Nikazikunja picha zote 14 rangi ikiwa ndani, nikatenganisha kwa magazeti, nikasokomeza. Picha tano hazikuwa na hata wiki mbili tangu zikamilike. Bomba likalala kwenye buti la basi kutoka asubuhi hadi jioni, juu ya injini. Nilipozikunjua, gazeti lilikuwa limeshikana na rangi. Ukilivuta linaacha maandishi: juu ya shavu la tembo mmoja palisomeka matokeo ya ligi. Picha nne ziliharibika kabisa.

Kwa hiyo shika hili. Rangi ya kopo ikikauka juu, chini bado ni mbichi. Ipe mwezi, ukiweza zaidi. Ukikunja, upande wenye rangi uwe nje. Akili inakataa, lakini ukiuweka ndani rangi inabanwa na kuvunjika. Kunja kwenye kitu kinene, siyo bomba la inchi nne, na katikati weka karatasi isiyo na maandishi, ile ya kuokea keki inafaa sana. Gazeti kamwe. Na bomba lisafiri nawe ndani ya basi, hata ukililipia kiti.

Nusura pia nijitie matatani kwa jambo lingine. Binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka nyumbani miiba ya nungunungu na meno mawili ya ngiri, nikapanga kuvibandika kwenye fremu vikapendezesha. Rafiki yangu mmoja askari wa wanyamapori alikuja kunisaidia kubeba mbao, akaviona mezani, akasimama kama aliyekanyaga msumari. "Ndugu yangu, hizi ni nyara za serikali. Una kibali?" Nilidhani nyara ni pembe za ndovu na ngozi ya chui. Kumbe sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 imeenea zaidi ya hapo: jino, mwiba, kucha, manyoya, hata ukiwa umeokota tu. Kuna watu wako ndani kwa vitu vya namna hiyo. Vikaondoka mezani jioni ile ile. Chora mwiba, usiubandike.

Basi, picha kumi zikatundikwa. Siku ya tatu likaja darasa la shule ya msingi. Binti mmoja, labda wa la nne, akasimama mbele ya ile ya tembo wa namba, akawa anatembeza kidole hewani. Nikaendelea na wageni. Nusu saa baadaye akanivuta shati. "Anko, hawatimii. Wako 108." Nikamwambia ahesabu tena. Tukahesabu pamoja, mara tatu, darasa zima nyuma yetu. Wanaoonekana 43, waliofunikwa 65.

Nilikuwa na vikopo vidogo vya kurekebishia. Nikamchora wa mwisho pale pale, kwenye kona ya chini kulia, watoto wakinipumulia mgongoni, wengine wakisema mkia mrefu, wengine wakisema bado pembe. Walimpigia makofi. Kesho yake, rangi ilipokuwa imeshika, ilibidi nimfunike kwa nyeupe, maana ni wa 66. Wale 65 niliwafunika nikiwa nasikiliza redio. Huyu mmoja alinichukua asubuhi nzima.

Sasa pesa, maana hapa ndipo watu hunyamaza. Ziliuzwa picha sita, jumla 3,900,000. Wenye ukumbi walichukua asilimia 40, yaani 1,560,000. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba vinywaji vya siku ya ufunguzi na uchapaji wa vipeperushi vingekatwa kwangu, 350,000. Hawakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza, wala hatukuandikiana. Sasa ongeza ulimi wangu mwenyewe. Siku ya ufunguzi nilishika kipaza sauti, nikapandwa na mori, nikatangaza kwamba asilimia 20 ya mauzo itakwenda kwenye uhifadhi. Makofi yalikuwa matamu. Asilimia 20 ya mauzo ni 780,000, na mauzo ni ile 3,900,000, siyo kilichobaki mkononi. Ukitoa yote nikabakiwa na 1,210,000. Vitambaa, rangi, mbao, safari za Mikumi na Bagamoyo, nauli na malazi ya Arusha vilikuwa vimekula 1,650,000. Nilipata hasara ya 440,000 kwenye maonyesho ambayo watu walinipongeza kwa kufanikiwa.

Ukitaka kuahidi, ahidi kutoka kwenye faida, tena baada ya kupiga hesabu. Na mkataba uwe na mstari unaosema nani analipia nini, hadi misumari ya kutundikia. Nyingine ni hii: miezi miwili baadaye nikakuta tembo wangu wa namba kwenye kibanda kimoja cha sanaa, amenakiliwa na mtu aliyechoka mapema, alikuwa na tembo kama thelathini. Nilikasirika, halafu nikakumbuka kalenda. Siku hizi kila kazi ninayotaka iwe yangu naipiga picha hatua kwa hatua na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zile za kawaida, twiga na ndege, naziacha ziende. Ndizo zilizonilea.

Ahadi ni ahadi. Ile 780,000 niliilipa, ilinichukua miezi mitano. Nilifikiria kuipeleka kwenye shirika lolote kubwa, nipewe na cheti. Kisha mama akapiga simu kuniambia wameingia tena, safari hii kwenye mahindi ya upande wa mtoni, ekari moja na nusu. Alikuwa ameshajaza kijijini fomu ya kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa shamba na wanyamapori, na hakuwa na haraka nayo, "itakuja ikija." Nikamuuliza anataka nini. Akasema kamba.

Nikanunua kamba za katani, oili chafu ya gereji madumu matatu, pilipili kichaa gunia moja, na kwa pesa iliyobaki mafundi wa pale kijijini wakatengeneza mizinga ya nyuki. Unasaga pilipili, unachanganya na oili, unachovya matambara, unayafunga kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo hapendi harufu ile. Mvua ikinyesha inabidi upake tena, na watu huchoka kupaka tena, huo ndio udhaifu wake. Mizinga unaitundika kwenye kamba ile ile, akiigusa inatikisika. Vijana waliosaidia walikuwa wanapiga chafya siku mbili. Haikuzuia tembo wote. Shamba la mama halikuingiliwa msimu ule, la jirani liliingiliwa mara moja.

Nilikwenda nyumbani na picha moja kati ya zile nne ambazo hazikuuzwa. Ni ya usiku, shamba la mahindi, akina mama na madebe, na tembo mkubwa ametoka kwenye giza nusu, mgongo umebonyea sawasawa, masikio wazi, goti mahali pake. Arusha watu waliipita bila kusimama. Mgeni mmoja aliniambia inamsikitisha tembo anapofukuzwa. Sikumjibu.

Mama aliipokea, akaiegemeza kwenye ukuta wa nje, akarudi nyuma hatua tatu. Ni mtu ambaye hajawahi kuniambia kazi yangu ni nzuri au mbaya. Akaiangalia muda mrefu, mkono kiunoni.

"Huyu ndiye," akasema. "Lakini baba, mbona umemsahau mtoto wake? Alikuja na mtoto."

Nikamwambia sikujua kama alikuwa na mtoto.

"Ungejuaje, wewe ulikuwa ndani. Alisimama hapa." Akaonyesha chini ya tumbo la tembo, pale nilipoacha amerikani wazi. "Mama yake anavunja, yeye anaokota."

Sikuwa na vifaa. Nikaenda dukani nikapata kopo dogo la rangi nyeusi ya milango, na brashi ya kupakia dari ambayo niliipunguza kwa kisu cha jikoni. Mama akaketi kwenye kigoda nyuma yangu akichambua choroko. Nilipomaliza mgongo akasema mdogo mno huyo, yule alishaanza kuota pembe.